Kukhu Hakujiona Kwa Insha Yangu

Mwanangu, hiyo insha umeambiwa urudie, ukaitupa kitandani kwa hasira, imenikumbusha jioni moja nikisoma yale madarasa ya jioni. Mwalimu alikuwa ametuambia tuandike juu ya mtu alibadilisha maisha yetu. Nikaandika juu ya Kukhu, yule nyanya alinipokea mtaani Kambi Muru nikitoka kijijini, ushago, na mtoto mgongoni. Mtoto ndio wewe.

Niliiombea hiyo insha. Nilifunga siku nzima kabla nishike kalamu. Sasa iliporudi imeandikwa chini, "Huyu mama simwoni, andika tena ulete Ijumaa," niliumia sana. Bila hiyo insha singekubaliwa kufanya mtihani. Lakini nilijiambia, maneno nimepewa na Mungu, huyu ni nani anataka nibadilishe? Kilikuwa kiburi tu, mwanangu, nimekivalisha nguo ya kanisa.

Nikaipeleka kwa Kukhu, nikijua atanitetea. Yeye hakusoma, na Kizungu hasikii, kwa hivyo nilimsomea nikigeuza Kiswahili, yeye akichambua kunde. Kulikuwa na sentensi moja ndefu, ile nilipenda kuliko zote. Nikashindwa kuigeuza. Akaniuliza hapo nimesema nini. Hata mimi sikujua.

Nikairuka, nikasoma pale alinifungulia mlango kwa furaha na upendo. Akaweka kunde chini.

"Huyo mama mzuri hivyo anaishi ploti gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama Ivy, mimi nilikukataa. Nilikuambia nyumba imejaa, nikafunga mlango na mtoto analia. Mbona hujaandika?"

Nikamwambia sikutaka kumwaibisha.

"Siku mbili chakula haikupita hapa kwa koo. Ya tatu ndio nikakuja kukutoa kule kanisani ulikuwa unalala. Sasa ukitoa hiyo, Mungu alifanya kazi gani hapo?"

Nilirudi nyumbani nikaandika upya, mara tatu. Ile sentensi yangu nzuri ikaenda. Mlango uliofungwa ukaingia, na wewe hapo nje ukilia. Ijumaa mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Hakuandika kitu chini. Aliniuliza tu kama Kukhu bado anaishi hapo, halafu akaweka jina langu kwa wale wa mtihani.

Kwa hivyo okota hiyo karatasi, Ivy. Iombee, hata mimi huomba mpaka leo, lakini ukisema amina shika kalamu tena. Msomee mtu kwa sauti, na kama kuna mtu alikuwa hapo mambo yakifanyika, msomee huyo kwanza. Pale unashindwa kumweleza, futa. Pale unaona aibu kusoma, usiruke. Mara nyingi insha yenyewe iko hapo.

Mungu akulainishie roho ukiambiwa rudia, na asikunyime mtu wa kukuuliza huyo unamwandika anaishi ploti gani.