Bisibisi ya Kwanza ya Athman

Mwezi jana bawaba ya kabati langu la jikoni ililegea, nikatoka kwenda kutafuta bisibisi. Hapa Mjambere, Kisauni, kando ya barabara, kuna kijana anayezitengeneza mwenyewe, nami huwa sinunui za dukani. Nilimkuta akichovya chuma chekundu ndani ya kopo la oili chafu. Kile chuma kikalia, moshi ukapanda, na harufu ya oili iliyoungua ikaniingia puani kabla sijamaliza kumsalimu. Machozi yakanitoka pale pale, mtu mzima na mkoba wangu begani. Kijana wa watu akashtuka, akavuta kopo upande wa pili. "Pole mama, moshi huu." Nikakubali kuwa ni moshi, maana ningeanzia wapi kumweleza? Nyinyi nitawaeleza.

Nilizaliwa Magongo, na baba yangu alikuwa fundi wa vyerehani. Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha mbele ambacho Mama alikikusudia kiwe sebule na ambacho hakukipata mpaka akafa. Chumba hicho kilinuka mafuta ya cherehani na vumbi la nyuzi, na juu yake udi wa Mama, aliokuwa akiufukiza kila Ijumaa kama mtu anayedai haki yake. Baba alikaa kwenye kigoda, na mbele yake palikuwa na mkeka ambapo mimi nilikaa nikimpokeza vyombo. Zamani mkeka ule ulikuwa wa kaka yangu Athman. Kaka alinizidi miaka tisa, na alipoanza kwenda sekondari mimi nikaurithi, nikaketi hapo kama bibi harusi.

Baba alinifundisha kuchagua bisibisi kabla sijajua kusonga nywele. Alidharau zile za dukani zinazong'aa, zilizokuja na meli, za mpini mwekundu wa kupendeza. "Hii mamangu, ya kutundika ukutani," angesema, "skrubu haiijui." Kwanza unapitisha tupa pembeni mwa ncha. Tupa ikila chuma bila taabu, chuma ni laini, kitapinda. Tupa ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, basi kimefanywa kigumu kupita kiasi na kitakatika siku utakapokihitaji. Unayoitaka ni ile inayoing'ata tupa kidogo, kwa shida. Halafu unaukamata mpini na kujaribu kuuzungusha, usije ukageuka peke yake ukakiacha chuma nyuma. Baada ya hapo ndipo unapoiangalia ncha.

Hapo kwenye ncha ndipo Baba alipokuwa na wazimu wake. Bisibisi karibu zote huchongwa kama kabari, nyembamba mbele na nene nyuma, na kabari ukiitia kwenye skrubu ndogo ya cherehani hupanda juu, ikateleza, ikaharibu kichwa cha skrubu. Kwa hiyo kila bisibisi aliyoinunua aliikalia kwa tupa nusu siku, mpaka yale mashavu mawili ya ncha yasimame sambamba na kuujaza mfereji wa skrubu sawasawa. Kazi hiyo alitufundisha sisi wanawe wawili. Kwa fundi mwingine sikupata kuiona.

Athman alipomaliza shule, Baba alimtafutia kazi ya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Kwa baba yangu haikuwa jambo dogo. Alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda kumpigia magoti jamaa mmoja ambaye hakuwa akimpenda, akaombea mwanawe kiti. Athman akakikalia kiti miezi miwili, akakiacha. Akaenda Miritini, malori yanakoegeshwa, akajiweka kwa fundi wa vyuma aitwaye Mutua, Mkamba mmoja mpole mwenye kovu la moto shingoni, akajifunza kutengeneza patasi, mapanga na bisibisi kwa springi za malori yaliyokufa.

"Nimeomba kiti cha ofisini," Baba alimwambia Mama, "mwanao kaenda kukaa juu ya kopo la rangi." Athman alipoitwa mwana wa Mama peke yake, tulijua mambo yameharibika. Kumfukuza hakumfukuza. Alichofanya ni kunyamaza. Athman alikuja nyumbani akitoa salamu mlangoni, na Baba akajibu, "Waalaikumu salaam," kwa kuwa salamu ya Muislamu lazima ijibiwe, kisha akarudi kwenye cherehani chake kama kwamba mlango umefunguliwa na upepo. Kaka akavumilia hivyo wiki tatu. Halafu akahamia huko huko Miritini.

Niseme kweli, mimi sikuhuzunika sana. Nilikuwa na miaka kumi, nami nilikuwa na mkeka wangu na Baba wangu, na hapakuwa na kijana mrefu wa kuingia na kusema, "Rukia, sogea kidogo."

Ukaja mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani ndiyo msimu wa fundi wa vyerehani. Washonaji wote wa Magongo walikuwa wakikimbizana na nguo za Idi, na mashine zikawa zinaletwa kwetu kwa mikokoteni. Bisibisi ya Baba aliyoizoea ikakatika ncha. Alinunua nyingine dukani ikapinda siku ya pili. Akanunua ya pili nayo ikapinda. Na kulikuwa na cherehani kimoja cha mshona kanzu, skrubu yake imeganda kwa kutu, siku mbili haitoki. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Baba akaniita.

"Rukia!"

"Abee Baba."

"Nenda kanichagulie wewe. Macho yangu yamechoka na hawa wenye maduka. Chukua tupa."

Nilitoka na tupa yangu mkononi kama askari. Nilikuwa nimefunga nusu siku, saumu ya watoto, na nusu yenyewe nilikuwa nimeivunja kwa buyu moja la sukari njiani. Sokoni, penye kona, nikamkuta Mutua ametandaza gunia lenye vyombo vyake, na kando yake Athman, amekonda, mikono myeusi mpaka viwikoni, ananuka oili iliyoungua. Aliponiona na tupa alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee kakutuma?"

Nikamwambia. Kicheko kikamtoka usoni. Akaingiza mkono ndani ya mfuko wake, akatoa bisibisi iliyofungwa kwa kitambaa. Mpini wake ulikuwa wa mwarobaini, umesuguliwa kwa mafuta ya nazi. Nikaipitisha tupa, ikang'ata kidogo, kwa shida. Nikauzungusha mpini, haukwenda popote. Nikaangalia ncha, nikakuta mashavu yamesimama sambamba, tayari, hata Baba hangekuwa na la kuongeza.

"Hii bei gani?" nikauliza kwa kiburi.

"Hii haiuzwi," Athman akasema. "Ndiyo yangu ya kwanza."

Kwetu sisi fundi hauzi kazi yake ya kwanza. Huipeleka kwa mzazi wake, mzazi akaishika na kuisifu, na hiyo ndiyo radhi yake ya kuingilia kazini. Bila hiyo, utauza, lakini utauza na moyo mzito. Athman alikuwa na bisibisi nyingine kumi na kitu kwenye gunia lile, amezifunika, hajauza hata moja.

"Mpelekee," akaniambia. "Usimwambie imetoka kwangu, asije akairudisha kabla hajaitia kwenye skrubu. Wewe msikilize tu. Atakalosema, uniletee Jumamosi ijayo. Wallahi Rukia, neno lolote atakalosema."

Mutua akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Mtoto, usisahau, eh? Huyu kijana amenisumbua na hiyo maneno."

Baba aliipokea baada ya sala ya alasiri. Alipitisha tupa. Akauzungusha mpini. Akaipeleka ncha karibu na jicho, akakaa nayo hapo muda mrefu hata nikadhani ameona kasoro. Kisha akaitia kwenye ile skrubu ya mshona kanzu, akakaza bega, skrubu ikatoa mlio mdogo na kuachia. Baba hakuinua kichwa. Alisema polepole, kila neno peke yake, kama anayemsomesha mtoto chuo cha Kurani: "Aliyeitengeneza hii ana mkono. Mungu amlindie mikono yake. Na kama babake yu hai, basi babake yuko radhi naye."

Halafu akanitazama. "Umeipata wapi?"

"Dukani," nikasema.

"Dukani," akasema Baba. "Haya." Akanipapasa kichwa. "Rukia wangu anajua kuchagua. Hakuna mwanamume Magongo anayekushinda."

Wiki ile nzima nililala na maneno hayo ya mwisho. Yale ya kwanza niliyajua vizuri, ningeweza kuyasema bila kukosea. Lakini nilikuwa mtoto mwenye hesabu zangu. Nikimpelekea Athman maneno yale, Athman atarudi nyumbani. Akirudi, itajulikana kwamba sikuchagua kitu, nilipewa. Na mkeka utakuwa wake. Nisingependa mnidhanie kwamba sikujua ninalolifanya. Nilijua kiasi cha kutosha.

Jumamosi nilimkuta Athman amesimama, hata kwenye gunia hakukaa. "Alisemaje?"

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Aliiweka tu pamoja na nyingine."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Kabisa."

Nilitarajia atakasirika. Kama angekasirika, pengine ningetishika nikasema kweli. Lakini alinishika tu bega, akasema, "Ahsante mdogo wangu, umejitahidi," akaninunulia buyu la kufungulia saumu. Nililila njia nzima. Lilikuwa tamu, na hilo sijalisahau.

Jumamosi iliyofuata hakuwepo. Mutua aliniambia kaka yangu amepata kazi ya utingo katika lori linalokwenda bara, na kwamba bisibisi zake amemwachia. "Anasema nisiuze. Mimi sielewi, ni vyombo vizuri." Idi ikaja, Athman hakuja kutuamkia. Baba alikaa mlangoni tangu baada ya sala mpaka jua likashuka nyuma ya mabati ya jirani, akiwa na ile kanzu yake, na kila aliyepita alimjibu salamu. Mama alipomwita kula, alisema ameshiba.

Kabla ya Idi ya kuchinja lile lori lilipinduka huko bara. Walimleta Athman amevishwa sanda tayari. Nakumbuka viatu vingi barazani, na Baba ambaye hakulia, ila aliuliza kila mtu aliyetoka safari ile kama kijana alikuwa amesema chochote. Hakuna aliyekuwa na la kumwambia. Mutua alikuja na kusimama nje ya ua, kofia mkononi, akitoa pole, na mimi nilijificha jikoni mpaka alipoondoka nikiogopa atanitaja.

Tangu siku ile Baba hakulitaja jina la Athman mbele yetu. Nikakua nikiamini ni hasira iliyobaki. Niliolewa, nikahamia Kisauni, Mama akatangulia, na Baba nikamchukua akae kwangu. Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nikimkata kucha kibarazani, vidole vyake vimepinda kwa uzee, na sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni kuvishika vile vidole. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye buyu la njiani.

Hakuondoa mkono wake. "Nilijua ni yake," akasema. "Ncha ile nani mwingine angeichonga? Nilijua kabla sijaitia kwenye skrubu."

"Basi mbona hukumwita, Baba?"

"Si nilimwita? Nilisema kwa sauti, nikakutazama wewe. Nilijua utampelekea. Mtoto hukaa na maneno? Nikangoja. Siku ya Idi nikangoja. Nikasema, radhi yangu imemfika na ameitupa."

Miaka ishirini na zaidi mzee yule alikuwa akiamini kwamba mwanawe alisikia neno lake akalipuuza, na mwanawe alikwenda kaburini akiamini kwamba neno lenyewe halikuwepo. Nilikuwa nimekaa katikati yao, juu ya mkeka. Watoto hatuambiwi kwamba wakubwa wakati mwingine hawana njia nyingine ya kufikiana ila sisi, na kwamba wanatutuma bila kusema wametutuma. Ningalijua, sidhani ningalifanya vingine siku ile. Nilitaka kupendwa peke yangu, na mtoto anayetaka hivyo hasikii jambo jingine. Lakini ningalirudi kwake kesho yake. Ningalikimbia.

Nilikuwa nikilia, mkasi umeniponyoka. Baba hakunifuta machozi wala hakunifukuza. Alikuwa akitazama mbele, midomo yake ikichezacheza, kama mtu anayejaribu chakula alichokisahau.

"Rejea ile Jumamosi ya jibu," akaniambia. "Ulipofika, yeye alisema nini kwanza?"

"Alisema, 'Alisemaje?'"

"Kabla hata hujamsalimu?"

"Kabla sijamsalimu. Alikuwa amesimama."

"Kumbe alikuwa akiniuliza," akasema Baba. Akasema tena, "Kumbe Athman alikuwa akiniuliza." Kisha akaninyooshea mkono wa pili nimalizie kucha.