Sura Mpya kwenye Kompyuta ya Mwalimu

Mimi ni fundi kompyuta hapa Arusha, na nikisema hivyo sishushi sauti. Mpaka leo wapo wanaume wanaoingia kwenye kibanda changu Olasiti wakauliza fundi yuko wapi, na mimi nimeshika bisibisi mkononi. Nawajibu kwamba wanamtazama. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba niliyoifanyia kompyuta ya mama yangu niliyafanya kwa maringo.

Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Akheri, na kazi yake siku hizi ni kuandika wasifu wa marehemu. Akifariki mtu pale kwetu, familia humjia mama kabla hata ya kupanga nani ataleta maturubai. Anawasikiliza, anawauliza maswali, anachapa, na siku ya mazishi wasifu unasomwa mbele ya waombolezaji wote. Haandiki sifa tupu. Amewahi kuandika kwamba marehemu "alikuwa mkali kwa mbuzi wa majirani", na watu wakacheka huku wanafuta machozi. Najivunia hilo kuliko cheti changu chochote.

Kompyuta yake niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya mashine tatu, nikaiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kubadilisha desktop, yaani ile sura yote unayoiona mashine ikiwaka, menyu, madirisha na vitufe, bila kugusa maandishi yako. Sura ya mama ilikuwa ya kijivu, nyepesi, ya kizamani. Jumapili moja baada ya ibada nikamwekea nyingine: madirisha yanapaa, vitufe vinatanuka ukivisogelea, na nyuma yake picha ya Mlima Meru. Nilimwonyesha kila kitu. Akasema, "Ni nzuri sana, mwanangu," nami nikarudi mjini nikijiona.

Miezi mitatu baadaye alifariki jirani yetu, mzee aliyesimamia mfereji wa maji wa kitongoji. Nilifika asubuhi, siku moja kabla ya mazishi, nikamkuta mama mezani na mabinti wawili wa marehemu. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa anaandika kwa mkono kwenye daftari la shule.

"Shikamoo mama. Mashine imeharibika?"

"Marahaba. Haijaharibika. Ni macho yangu tu siku hizi."

Uongo mtupu. Nikafunua kitambaa, nikamwomba afungue wasifu wa mke wa marehemu aliouandika miaka ya nyuma. Mle ndani mlikuwa na habari za ujana wao, ambazo yule mzee alimsimulia mama na mabinti wenyewe hawakuwahi kuzisikia. Mama akapeleka kishale kwenye kitufe, kitufe kikatanuka, akabonyeza cha pembeni. Akajaribu tena. Dirisha likapaa, likapotea. Mwanamke aliyefundisha madarasa ya watoto sabini alikuwa anakimbizana na kitufe mbele ya wageni, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Niliona haya, na mimi nikiona haya hupandwa na hasira.

"Upuuzi huu nautoa sasa hivi," nikasema.

Nikaandika amri ya kuondoa. Mashine, kama ilivyo kawaida yake, ikaorodhesha kila kitu itakachofuta, orodha ya kujaza kioo kizima, ikauliza kama nina uhakika. Nikakubali bila kusoma. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo mara nyingi mno, nikaona kusoma ni kwa wanaojifunza. Nilipoiwasha upya hapakuwa na sura mpya wala ya zamani, ila kioo cheusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe. Nilikuwa nimezifuta zote mbili.

Binti mkubwa wa marehemu akauliza taratibu, "Na wasifu wa mama yetu ndio umekwenda?"

Nikaandika amri ya kuorodhesha mafaili, yakajitokeza moja chini ya jingine kwa majina aliyoyapa mama mwenyewe: Babu wa nyuki. Fundi cherehani wa njia panda. Mtoto wa siku tisa. Mama wa mfereji. Mama akasogeza kiti, akayasoma yote kwa sauti, hakuruka hata moja.

"Wote wapo," akasema.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeunganisha simu yangu kwa waya ili nipate mtandao, nikaagiza ile sura ya kijivu irudi. Mashine ikatoa orodha nyingine, kidole changu kikakimbilia kukubali. Mama akanishika mkono.

"Soma."

"Mama, hii naijua."

"Soma kwa sauti. Mimi nilikufundisha kujibu swali kabla ya kulisoma?"

Nikasoma, fundi mzima, mstari kwa mstari, huku mama akifuatisha kwa kidole na wageni wakijitahidi wasicheke. Mashine ikafanya kazi yake huku tukinywa chai, na tulipomaliza, sura ya kijivu ikarudi. Mama akabonyeza mara mbili bila hata kutafuta, faili la Mama wa mfereji likafunguka, naye akaanza kuchapa.

Kesho yake wasifu ulisomwa. Uliposomwa mstari kwamba mzee "alimgawia maji kila mtu, isipokuwa aliyechelewa zamu yake", kicheko kilitoka mpaka kwa waliosimama mgombani. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyo ni Mwalimu, hakuna mwingine." Hakuna aliyeuliza kompyuta ilitengenezwa na nani. Kifua kilinijaa hivyo hivyo.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alivumilia miezi mitatu bila kuniambia.

"Siku ile ulivyokuwa unanionyesha," akasema, "ulikuwa kama siku ulipokuja na daftari lako la kwanza, ukurasa mzima vema. Sikuwa na moyo wa kukuandikia kosa."