Siku Tuliyomkuta Shangazi Chini ya Jiwe

Nimehama mara nyingi kiasi kwamba nikiulizwa kwangu ni wapi, huwa nataja mahali lilipo godoro langu. Godoro hilo limelala Mwanza, Kahama, Karagwe, na katika kisiwa kimoja cha Muleba ambako nilianika dagaa mwaka mzima. Sasa liko Kashai, mjini Bukoba, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta. Lakini nikifumba macho sioni hata kimoja kati ya vyumba hivyo. Naona kijito cha Buganguzi, chini ya kibanja cha migomba cha shangazi yangu, tulikokuwa tukikamata kaa na kurudi nyumbani na kaptula zenye rangi ya udongo.

Ndiyo maana jirani yangu, dereva wa bodaboda, aliponiambia kuna kikundi cha kujitolea kinachopima afya ya mito kwa kuhesabu wadudu, sikuuliza wadudu gani. Niliuliza kama kijito cha Buganguzi kimo kwenye orodha. Kilikuwamo. Yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto watano, alikuwa amejiunga kwa sababu wanachama walipewa mabuti ya mpira na mvua zilikuwa zinakaribia.

Katika timu yetu ya watu watatu, kiongozi alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia kutoka Kashozi, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na subira isiyo ya kawaida. Alitufundisha Jumamosi moja na tukaelewa, kwa kiasi.

Kazi yenyewe ni hivi. Mmoja anashika wavu ndani ya mto. Mwingine anasimama mbele ya wavu, upande maji yanakotoka, anapiga mateke mawe ili wanaoishi chini yake wang'oke na kusombwa hadi wavuni. Kisha wavu unamwagwa kwenye beseni jeupe, mnainama wote mpaka vichwa vinagongana, mnatafuta kinachotambaa. Kila aina ina alama zake. Wapo wanaodeka, wasiovumilia uchafu hata kidogo. Hao wana alama nyingi. Wapo wasiojali chochote, kama ruba na minyoo. Hao alama zao ni chache. Mnajumlisha alama, mnagawa kwa idadi ya aina mlizopata, na jibu linawapa rangi: buluu, kijani, njano au nyekundu. Rangi hiyo inapakwa kwenye kibao, na kibao kinasimikwa pale barabara inapovuka mto, kila mpita njia asome.

Tatizo lilikuwa majina. Kadi ya picha tuliyopewa ilikuwa na majina ya kitaalamu tu, marefu kama treni.

"Mwalimu," dereva aliuliza, "haya ni majina ya wadudu au ya dawa za ng'ombe?"

Mwalimu alituruhusu tuwape majina yetu, mradi wote watatu tumjue anayetajwa. Ruba akaitwa shemeji, kwa sababu haji kwa taarifa na akikushika hakuachii. Mtoto wa kereng'ende, anayejificha kwenye tope na kumrukia kila anayepita, akaitwa mgambo. Na kuna mmoja, mdudu mdogo mwenye heshima zake, anayejijengea nyumba ya mchanga na vijiti na kutembea nayo popote aendapo. Huyo nilimpa jina mimi, na naandika hapa kama ungamo. Nilimwita shangazi. Shangazi yangu akienda kutembelea watu kwa siku mbili hubeba sufuria yake, mkeka wake, mto wake wa kulalia na mkungu wa ndizi, asije akakuta wenyeji hawana.

Yeye hakuwa na habari ya jina hilo. Alikuwa na lake la kumsumbua. Anauza mramba, juisi ya ndizi mbivu, kando ya barabara, na maji ya kukamulia huyateka kwenye kijito hicho na kuyachemsha. Baada ya harusi fulani wageni wawili waliumwa matumbo. Walikuwa wamekula na kunywa kila kilichopita mbele yao, lakini lawama zote zikaangukia mramba wa shangazi, na kutoka kwenye mramba zikaangukia kijito. Wateja wakaanza kumsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipompigia simu kumweleza habari za kibao, alisema:

"Kikija chekundu, mwanangu, nitapasua obwato niufanye kuni."

Obwato ni ule mtumbwi wa mti wa kukandia ndizi. Ulikuwa wa mama yake. Nikajua hatanii.

Tulifika Buganguzi asubuhi. Dereva alisema yeye ndiye atakayepiga mateke, kwa kuwa ana miguu ya kazi, na kwa kweli aliyapiga vizuri, huku akizungusha kiuno bila kuombwa. Wanawake wawili waliokuwa wakifua waliacha nguo zielee na kumtazama. Tukamwaga wavu kwenye beseni, tukainama.

"Nimempata shangazi!" dereva akapiga kelele. "Mwalimu, shangazi huyu hapa! Alikuwa chini ya jiwe!"

"Yu hai?" mwalimu akauliza, kalamu mkononi.

"Yu hai, anatambaa. Na mwingine huyu. Ee, huyu mnene kweli!"

"Mnene nani?"

Sauti hiyo haikuwa ya mwenzetu. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya chai, kanga imefungwa kifuani kama mtu anayejiandaa kwa kesi.

Nikamwonyesha kwenye beseni mdudu mdogo aliyekuwa akiburuta kibanda chake cha mchanga.

"Huyo," nikasema. "Anaitwa... tunamwita shangazi."

"Kwa nini?"

"Anabeba mizigo yake yote."

Alimtazama mdudu kwa muda mrefu. Mdudu naye alitoa kichwa, akaona hali ilivyo, akakirudisha ndani.

"Ana alama ngapi?" shangazi akauliza.

"Nyingi, mama," mwalimu akawahi. "Huyu ni katika wale wa juu kabisa. Mto mchafu hakai."

"Bila shaka," shangazi akasema. "Akae kufanya nini?" Akamimina chai. "Basi hesabuni vizuri, msije mkamruka mmoja."

Mchana alitulisha ndizi na maharage mpaka mwalimu akalegeza mkanda. Kwa utaratibu wetu tulitakiwa kuhesabu tena mchana, palepale, halafu ndipo tukate shauri la rangi. Asubuhi tulikuwa tumepata aina chache, lakini nzuri. Shangazi alikuwa ametuona tukiandika mistari michache tu, na jambo hilo lilimkaa kooni.

"Hivi hao wakiwa wengi ndiyo mto mzima?" alimuuliza dereva.

"Ndiyo shangazi," dereva akajibu, ndizi mdomoni. "Wakijaa wa kila aina, ushindi."

Ningemsahihisha, lakini na mimi nilikuwa na ndizi mdomoni. Tulipoinua vichwa shangazi hakuwepo, na ndoo iliyokuwa mlangoni haikuwepo.

Saa tisa tulirudi kijitoni. Dereva akapiga mateke yake, tukamwaga beseni, na beseni likachemka. Shemeji kumi na mmoja. Konokono. Minyoo wekundu. Viluwiluwi vya chura. Na katikati yao, akizunguka kwa mshangao, perege mdogo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni samaki wa bwawa," alisema. "Hapa maji yanaruka mawe kutoka mlimani. Amepandaje? Kwa miguu?"

"Neema tu, waitu, ndugu zangu," shangazi akasema haraka. "Si mmewaona walivyo wengi? Andika, mwalimu."

Mwalimu akaandika, akajumlisha, akagawa. Kisha akasema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya kwamba mto umeanguka. Nyekundu.

"Umeangukaje na wadudu wameongezeka?"

Dereva ndiye aliyemweleza, na alieleza vizuri kuliko alivyofanya wakati wa ndizi. "Ni kama darasa, shangazi. Una wanafunzi watano wanaofaulu. Ukiwaletea wenzao kumi wanaopata sifuri, wastani wa darasa unakuwaje? Shemeji ni mtu wa sifuri. Konokono naye hakuzidi sana."

Shangazi alishusha macho kwenye beseni. Nilimwona akihesabu. Upande mmoja kulikuwa na aibu, upande wa pili kulikuwa na obwato wa mama yake.

"Sasa, mwalimu," alianza polepole, "kama wengine hapo si wenyeji? Kama ni wageni, waliofika, tuseme, saa nane?"

"Unajuaje walifika saa nane, mama?"

Wanawake wa kufua walikuwa bado wapo; wangeweza kuwa wameshamaliza nguo za kata nzima, lakini walikuwa wapo.

"Niliwaleta na ndoo," shangazi akasema. "Kutoka bwawa la jirani. Niliona beseni lenu limepwaya, nikaona haya. Watu wametoka Bukoba mpaka hapa, waondoke na beseni limepwaya?" Akajifuta uso kwa kanga. "Kanisani tunaungama kwa pamoja, kila mtu anajificha kwenye sauti ya mwenzake. Sijawahi kuungama peke yangu, tena mbele ya perege."

Mwalimu alikaza midomo ili asicheke, akashindwa, akageuka kukohoa upande wa mto. Alipogeuka alikuwa na uamuzi. Matokeo ya mchana hayafai. Tutarudi baada ya wiki mbili, tuhesabu upya. Lakini wale wageni waondolewe kwanza, kwa sababu wanaweza kuzoea.

Wenzangu wakapanda bodaboda kurudi mjini. Mimi shangazi alinishika mkono.

"Wewe unabaki."

Hivyo ndivyo nilivyokaa Buganguzi wiki mbili. Konokono niliwaokota. Perege alirudishwa bwawani ndani ya sufuria, shangazi akimsindikiza kama mgeni rasmi. Viluwiluwi na minyoo niliwachota kwa chujio la chai, na baadaye ilibidi tununue lingine. Waliobaki walikuwa ruba, na ruba haokotwi. Anaitwa.

"Kunja suruali," shangazi akaniambia asubuhi ya kwanza. "Ingia, simama."

"Nisimame nifanye nini?"

"Wakuone."

Nilisimama. Mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, aliyeishi mikoa mitatu, nimesimama kwenye maji ya baridi na miguu wazi kama kibanda cha nyama. Yeye alikaa kwenye jiwe, chumvi mkononi, akishangilia.

"Mmoja huyo, kwenye kifundo! Usitikisike! Ee, shemeji zako wanakupenda."

"Shangazi, inauma."

"Haiumi, inawasha. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hutoki humu."

Ilikuwa kweli. Tena nilikuwa nimepanda basi na bodaboda kuja kukitafuta kijito hiki kwa sababu ya siku hizo, na sasa siku hizo zilikuwa zinaninyonya damu. Siku ya kumi tulitimiza ruba kumi na mmoja. Siku ya kumi na moja akaja wa kumi na mbili, na shangazi akaapa huyo ni mwenyeji, ana haki zake. Tukamrudisha.

Kikundi kiliporudi, shangazi alikaa mbali na mto, mikono mapajani, ili kila mtu aione. Dereva alipiga mateke kwa adabu, bila kiuno. Beseni likamwagwa. Wenye vibanda wakaonekana, mmoja baada ya mwingine, na mgambo wawili, na wale wenye mikia mitatu wanaodeka kuliko wote, na yule ruba mwenyeji. Mwalimu akajumlisha. Akagawa. Akarudia kugawa, kwa sababu alimwona shangazi amefumba macho na midomo inacheza.

"Kijani," akasema. "Mto mzima."

"Si buluu?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Kasinge waitu, asanteni, kijani kinatosha."

Kibao kilisimikwa wiki iliyofuata, kando kabisa ya meza ya mramba. Mwalimu aliandika maneno mwenyewe, kwa herufi nzuri za ubaoni, nyeupe juu ya kijani. Shangazi alivaa gauni la kwaya, akapanga vikombe, akasubiri.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa biashara ya dagaa, aliyekuwa ametoka visiwani na magunia yake na hakujua lolote kuhusu harusi wala matumbo. Alishuka garini, akaomba kikombe, akakiinua. Macho yake yakapanda kwenye kibao, akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mto huu ni mzima.' Vizuri." Akanywa funda moja. "'Umethibitishwa na wadudu wa aina saba wanaoishi ndani yake...'"

Kikombe kikasimama hewani.

"Mama," akasema, "mramba huu mmeuchuja?"

Nilimtazama shangazi. Shangazi hakunitazama. Alifungua kanga aliyojitupia begani, akaikung'uta kana kwamba imelowa, akaenda kuianika kwenye kibao. Aliivuta hapa, akainyoosha pale, mpaka mistari yote ya chini ikafunikwa na ukabaki ule wa juu peke yake.

"Jua la leo zuri," alimwambia mteja. "Soma tena, mwanangu. Ulisoma haraka."

Yule mama akasoma tena. Mto huu ni mzima. Alitafuta mengine, akaona maua ya kanga, akatikisa kichwa na kumaliza kikombe. Nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wakitazama kutoka ng'ambo ya barabara wakavuka.

Nilikuwa nimeshafunga begi langu. Shangazi, mikono yote miwili ikiwa na vikombe, aliniita kwa kidevu.

"Wewe msomi, njoo usimame hapa. Upepo ukija, shika kanga."

Nikaweka begi chini. Upepo haukuchelewa.