Dada Wawili na Tundu la Lenzi

Shule niliishia darasa la tatu, lakini lenzi naijua kuliko vijana wenye vyeti wanaopita hapa Kariakoo na mabegi makubwa. Siku moja tu, ya Idi, iliniaibisha, tena mbele ya vikongwe wawili.

Walikuwa dada wa tumbo moja, watu wa karibu na Mnazi Mmoja. Miaka mingi hawakusemezana, na Idi hiyo ndiyo walikuwa wamepatana. Mkubwa aliagiza picha ya ukoo mzima, kanga sare kwa wanawake wote, na akanipa sharti moja: maneno ya kanga yasomeke. Yaliandikwa: TUMEPATANA WENYEWE, MCHONGANISHI TAFUTA KAZI.

Niliwapanga uani safu nne. Mkubwa nilimkalisha mkekani mbele. Mdogo, kwa kuwa ni mrefu, nikamsimamisha nyuma kabisa. Tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, niliacha wazi kabisa kama nilivyozoea kwa maharusi, nikapiga. Mdogo akaja kuchungulia kwenye kioo cha kamera. Wa mbele walikuwa wakali kama wembe, yeye nyuma ukungu mtupu.

"Dada, hata kwenye picha umenifuta," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Mkubwa akageuka. Alinitazama mimi.

Nikabana tundu la lenzi mpaka namba ya mwisho, maana likiwa dogo, wa mbele na wa nyuma wote huonekana. Wakaonekana kweli. Ila nilipoikuza ile picha, wote walikuwa na utandu, na kanga hazisomeki. Tundu likibanwa kupita kiasi mwanga hutawanyika, ukali wa picha unakufa. Nilikuwa nalijua hilo. Hofu ilinisahaulisha.

Mdogo alishavaa kiatu kimoja.

"Mama, kosa ni langu, si la dada yako," nikamwambia. "Njoo ukae naye."

Akarudi akinung'unika kwamba mpiga picha gani ana mvi hizo na bado anajifunza. Nikamkalisha bega kwa bega na dada yake, safu nikazibana zikawa tatu, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa choo. Tundu nikaliweka katikati, namba nane, nikapiga.

Wiki ile mdogo alikuja dukani kuchukua nakala yake. Aliisogeza karibu na pua, akasoma kanga yake, akasoma na ya dada yake, polepole. Kisha akaniuliza Idi ijayo nitafika kwao saa ngapi.