Mji Tuliompa Mgeni wa Kundi

Sikulazimishi uamini. Hata mimi, kama ningesimuliwa na mtu mwingine, ningemwambia akapumzike. Lakini haya yamenipata mwenyewe, hapa Garsen, mchana kweupe, na wenzangu wawili wako hai. Ukitaka utawauliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu karibu na stendi, na kazi ikipungua hushika simu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, watu watatu tuliosoma shule moja: mimi, Kadzo anayefundisha chekechea Golbanti, na Komora, mkulima wa Hewani aliyekuwa akiishi na mama yake. Kundi tuliliita Wimbo Gani. Mmoja huandika "Kitendawili", wengine hujibu "Tega", kisha anaufumba wimbo, uwe wa taarabu, wa kanisani au wa zamani wa redioni, nasi tunautafuta. "Ameoa mara mbili, bado analilia jiko la kwanza." Basi hapo tutabishana siku nzima, na kila mtu anatuma sauti yake mbovu akijaribu kuimba.

Tukishindwa, tunampa mtegaji mji, kama tulivyozoea utotoni kwa bibi zetu. Anaupokea, anasimulia alivyofika huko, alivyokaribishwa na alichokula, halafu ndipo anatoa jibu. Komora alikuwa na miji mpaka basi. Mombasa yake, Nairobi yake, Dubai pia alishaichukua. Kwa nyimbo alikuwa hatari.

Jumamosi moja alasiri ikaingia kwenye kundi namba nisiyoijua. Haina picha, haina jina. Mimi ndiye msimamizi wa kundi na sikumwingiza mtu. Nilidhani ni Kadzo aliyemleta, kumbe Kadzo naye alidhani ni mimi. Mgeni akaandika neno moja tu, "Kitendawili". Tukajibu "Tega" bila hata kumuuliza yeye nani. Wewe ungeuliza? Mtu akitega, mdomo hujibu wenyewe.

Akaandika: "Wimbo wangu kila mtu ameimbiwa, wala hakuna aliyeusikia ukiisha."

Tulihangaika nao mpaka jua likalegea. Tulitaja nyimbo za harusi, za msiba, za shule. Kila mara alijibu "Siyo". Komora hakuwepo kutusaidia. Kioo cha simu yake kilipasuka, akaileta Garsen kwa fundi wa simu, naye akawa analala kwa binamu yake akingoja kioo kingine kitoke Malindi.

Mgeni akaandika, "Nipeni mji." Kadzo akampa Mombasa, akakataa. Akampa Malindi, akakataa. Kisha akaandika, "Nataka mji wa mmoja wenu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojilaumu. Niliyasoma maneno yale mara mbili. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini. Ningeweza kusema tumeshindwa, basi. Ningeweza kumpa Garsen. Mimi niliandika "Chukua Hewani", yaani kwao Komora, nikaongeza na kikatuni cha kucheka. Kama ulikuwa mchezo tu, mbona sikutaja kwangu? Swali hilo najiuliza kila siku, na jibu lake nalijua. Niliogopa.

Dakika chache baadaye akatuma sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya kawaida kabisa, kama ya mteja wangu yeyote. "Nikaenda Hewani, nikakaribishwa. Nikala wali na kambare wa nazi. Mama akanitandikia kitanda, akaniita mwanangu." Tukangoja atoe jibu. Halikuja. Kadzo akamdai, maana aliyepokea mji lazima atoe jibu, lakini hakuandika tena.

Jumapili Komora alipita kibandani kuchukua suruali yake. Tuliongea, tukacheka. Sikumwambia kitu. Niliona haya, na kweli ningemwambia nini?

Jumatatu simu yake ikapona, akarudi kwao. Saa tisa akanipigia. "Fundi, njoo. Mama hanijui."

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta amesimama uani kwao, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Mama yake alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za kazi, akanishukuru tena kwa gauni la Pasaka nililomshonea. Mimi alinijua vizuri sana. Kisha akanisogelea na kunong'ona, "Fundi, kijana huyu ni wa kwenu? Tangu mchana yuaniita mama. Namhurumia, lakini simjui."

Nikamwambia huyu ni Komora. Akanitazama kwa huruma ileile, akaniuliza kwani Komora si yule pale.

Na kweli, penye kivuli cha jiko alikaa mwanamume akipukuchua mahindi. Hakuwa na kwato wala macho mekundu. Alikuwa wa rika letu, na alivaa shati la Komora. Nalijua kwa sababu nililishona mimi. Mfuko wake niliupachika kombo, na Komora alinitania kwa huo mfuko mwaka mzima. Aliinua uso akaniamkia kwa adabu. Halafu akasema taratibu, Komora akisikia:

"Asante, fundi. Ni wewe uliyenipa."

Komora akageuka kunitazama. Mimi sikuweza kumtazama. Nilianza kusema ulikuwa mzaha, kwamba naurudisha mji wa Komora, nampa mgeni Garsen badala yake. Ndiyo, pale ndipo nilipokumbuka Garsen. Yule mtu akatikisa kichwa tu, akaendelea na mahindi.

Niamini, hatukukaa bure. Tuliita majirani, tukamwita mzee wa kijiji na mchungaji, na wote walimjua yule kuwa ndiye Komora waliyemwona akikua. Komora akatoa kitambulisho. Wakakipokezana, wakasema picha haifanani naye. Nilikichukua nikakitazama. Alikuwa ni yeye, sikio lake lile lenye kovu. Nikaapa mbele yao, nao wakaniambia jua ni kali, ninywe maji. Mchungaji akaomba, na yule mtu akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Wiki ya pili Kadzo akampakata mwanawe na kumbembeleza, mtoto akapitiwa na usingizi wimbo ukiwa katikati. Ndipo alipoelewa. Akaandika mbio kwenye kundi: ni wimbo wa kumlaza mtoto. Jibu likaja palepale: "Ndio huo. Mmechelewa." Chini yake ikafuata sauti ya mwanamke mzee akiimba kwa Kipokomo, polepole, kama anayempapasa mtu mgongoni. Nilimwekea Komora asikilize. Hakufika mwisho, akanirudishia simu.

"Huo ni wangu," akasema. "Aliniimbia mimi."

Kundi nililifuta, lakini hilo halikumrudishia mtu kitu. Komora sasa analala nyuma ya kibanda changu, hubeba mizigo stendi. Hajanilaumu hata siku moja, na ningependa anitukane nipumue. Mimi na yeye hatuna tunaloweza kufanya. Kwa hiyo nawe unayesoma, ukitegewa na usiyemjua ukashindwa, sema umeshindwa. Usimpe mji wenye watu, hata kwa mzaha, na usithubutu kumpa wa mwenzako.

Kila Jumapili Komora huenda Hewani na kilo ya sukari. Mama humkaribisha kitini, humpa chai kwenye kikombe kile cha wageni, humsikiliza. Jioni humsindikiza mpaka njiani, kwa sababu ni mama mwenye adabu zake, humshika mkono na kumwambia, "Haya kijana, wende salama. Umsalimie mama yako."