Sweta la Bukuru na Watu wa Misitu

Naona haya hata kuanza, lakini nichekeni tu, mkifika mwisho mtanyamaza wenyewe kama nilivyonyamaza mimi.

Miaka ile ya sabini nilikuwa msaidizi kwenye gari la sinema la ofisi ya habari, Kibondo, darasa la saba langu na ndoto moja kichwani: kuwa mtangazaji wa redio (hata mbuzi wa nyumbani niliwasomea taarifa ya habari). Siku hizo jeshi lilikuwa porini upande wa Mabamba kwa kazi zisizosemwa, na bosi wangu, Bwana Habari, mtu wa pwani mwenye maneno laini, alikuwa ameviagiza vijiji viwaite askari wale "watu wa misitu", wamekuja kupanda miti, basi. Mara tukasikia anakuja mwandishi wa gazeti kutoka Dar es Salaam, anayeuliza mno. Amri ya bosi ikawa tumwonyeshe mahindi, achezewe ngoma, arudi kwao ameridhika.

Tukampeleka kijijini kwa mama yangu mkubwa. Mwanawe Bukuru, tuliyelala naye mkeka mmoja utoto wote, alikuwa askari huko huko porini, pamoja na vijana wengine wa kijiji.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka niliposhika kipaza sauti. Niliambiwa niseme asanteni, nikae, lakini sauti yangu ilivyorudi kutoka mlimani nikaipenda, nikaongeza la kwangu: "Mgeni wetu ataondoka kwa njia ya Mabamba!" (Uongo mtupu, nilitaka tu kutangaza zaidi.)

Jamani, kwetu Uha ukitaja njia ya mgeni umeshamtwisha mizigo ya kijiji kizima. Akina mama walikimbia majumbani, wakarudi na asali, maharage, tumbaku, hata jogoo mzima, wakapakia garini, kila mmoja akitaja mwanawe, na kwa utii kabisa: "Mzigo huu wa Ntibakazi wangu, mtu wa misitu!" Bibi mmoja akamshika mwandishi mkono. "Mwambie mjukuu wangu asilalie bunduki, mgongo utamuuma."

Mwandishi akageuka. "Ndugu, wapanda miti wana bunduki?"

"Za nguruwe, ndugu mwandishi," alisema Bwana Habari bila kupepesa. "Nguruwe wa huku wanang'oa miche." Kisha akanitupia jicho, nikakiweka kipaza sauti chini.

Wa mwisho alikuja mama mkubwa na sweta la buluu, kalifuma mwenyewe. "Baba, Bukuru wangu utamwona?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Bwana Habari alitazama chini. "Nitamwona, mama. Atalivaa." Akanipa mimi. "Lishike, kijana, upigwe picha." Nami nikacheka meno yote nje.

Njia ya Mabamba "ikaharibika" ghafla, tukarudi Kibondo. Mwandishi aliposhuka nyumba ya wageni nikamuuliza Bwana Habari, "Mzee, mizigo tunapeleka lini?"

"Jogoo mchinje, asali niachie."

"Na sweta la Bukuru?"

Akasema polepole, "Bukuru wamekwishamzika huko huko. Na ukifungua mdomo, kwa mama yake au kwa hao mbuzi zako, utamfuata."

Gazeti likaja. Mimi na meno yangu, na chini yake: wanakijiji wawashukuru wapanda miti. Mama mkubwa hajui kusoma, akaikata ile picha akaibandika ukutani kwa uji, kila mgeni anaonyeshwa: huyu anampelekea Bukuru sweta. Sweta lenyewe lipo chini ya godoro langu. Kipaza sauti sikishiki tena, hata harusini, na redio ikitangaza habari natoka nje.

Nilipokwenda kumsalimia mama mkubwa aliniuliza, "Mwanangu, lilimtosha?"

"Lilimtosha, mama," nikasema (na mdomo wangu, kama kawaida, ukaongeza la kwake), "mabega tu yalibana kidogo."

"Amenenepa!" Alicheka mpaka akafuta machozi, akavuta kikapu cha nyuzi, akaanza kufuma jingine, kubwa zaidi.