Honi ya Makungu

Rukaiya kanikera. Kila akija, hata maji hajanywa, "Bi Asila, tuandikie habari za baba yetu Makungu." Nimwandikie kwa mkono gani? Mimi n'lisoma chuo cha Kurani, herufi hizi za kizungu nimefundishwa ukubwani, na kila neno nalivuta kama ndoo kisimani. Anasema atapiga chapa agawe mtaani. Haya, agawe. Lakini asikate neno, maana wapo atakaowaonea haya, na mimi siwaonei.

Makungu alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Mpendae. Babake alitoka bara kuchukua mizigo bandarini, yeye akazaliwa hapa hapa. Alikuwa na Pijo ya buluu, kuukuu, akiifuta kila asubuhi kama mtu anayemwosha mtoto uso. Mwanamke akishikwa na uchungu, huitwa Makungu. Mgonjwa wa kurudishwa shamba, Makungu. Hakuwa mcheshi. Alikuwa mtu wa kununa, akienda polepole mpaka abiria wakimtania, "Makungu, tushuke tukusukume?" Naye hujibu, "Shukeni. Kaburi halikimbii."

Mume wangu Nasser alipofariki, miaka ya mwanzo ya tisini, Makungu ndiye alomleta nyumbani kutoka hospitali, na hakutaka kitu. Siku ya pili ya matanga akarudi na mchele na majamvi ya kukalia watu. Sasa, sisi hapa mjini mtaa wenye msiba haupigwi honi. Gari hupita kimya, ndani kunasomwa Kurani. Mtoto mdogo anajua.

Koplo Haitham, askari wa barabarani, alijua pia. Alimsimamisha Makungu mbele ya mlango wangu, wanaume wamejaa barazani. Mimi n'likuwa juu, nshavaa nguo nyeupe za eda, naona kwenye upenyo wa dirisha.

"Washa taa." Akawasha.

"Piga honi."

"Afande, hapa pana matanga. Twende njia kuu, nitakupigia mpaka uchoke."

"Nimesema piga hapa."

"Sipigi."

Mtu mmoja barazani akacheka. Kicheko kile ndo kilichotuponza. Koplo akatia mkono dirishani mwa gari, akabonyeza mwenyewe. Honi ikalia, ikalia kwa kirefu, hata msomaji akakatika katikati ya aya, na dada yangu Mwanapili akaangua kilio upya kama maiti ndo kwanza anatoka. Kisha Koplo akatoa kitabu chake cha faini, akaandika: honi mbovu.

"Si imelia, afande?" Makungu akasema. "Watu wote hawa wamesikia."

"Wamesikia?" Koplo akawageukia watu wa barazani, mmoja mmoja. Hakuna alomwangalia. Akasema taratibu, "Mimi nshaandika mbovu. Basi itakuwa mbovu."

Akaichukua gari, ikaenda kufungiwa uani kwa polisi.

Watu walimwambia Makungu alipe yaishe. Hakulipa. Alikuja akasimama chini ya ngazi, mimi juu nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Asila."

"Marahaba."

"Nikilipa nimekubali kuwa wake za watu nimewabeba kwa gari bovu. Leseni itakwenda, na jina langu litaitangulia. Nnakwenda kwa hakimu. Nataka mtu mmoja tu aseme alisikia."

Hebu watazame wanaume wetu. Msabah, jirani yangu, ghafla akapata shughuli Chukwani. Mabrouk alisema siku ile sikio lilikuwa likimuuma. Msomaji, alokatizwa aya yake, alisema yeye akisoma hasikii kitu cha dunia. Na kila alasiri Koplo Haitham akawa anapita na pikipiki, akifika mlangoni kwangu anazima. Anatazama juu dirishani, kisha anawasha anakwenda zake. Baraza ikabaki tupu. Hata muuza kahawa alihama.

Nikasema, "N'takwenda mimi."

Mwanapili akajishika kichwa. "Mjane kizuka atoke nje, eda haijesha? Umerogwa? Watu watasemaje?"

"Watasema hawakuona. Ndo kazi yao."

Nikamtumia shekhe swali. Akajibu: ushahidi ni haja, atoke mchana, asijipambe, arudi kabla jua halijachwa. Nikavaa buibui juu ya nguo zangu nyeupe nikashuka. Mtaa ulifunga madirisha nikipita. Nilisikia makomeo, moja baada ya jengine, mpaka kona.

Mahakamani walikuwa washasoma ripoti ya ukaguzi: gari imejaribiwa uani, honi hailii. Makungu alibadilika uso. Nami nikakumbuka yale maneno, itakuwa mbovu.

Nilipokwisha kula kiapo, Koplo mwenyewe akaniuliza, "Bibi, uko edani. Huko dirishani ulikuwa ukichungulia wanaume?"

Watu wakacheka.

"Ningetaka kuchungulia wanaume, ningetafuta mtaa wenye wanaume."

Hakimu akagonga meza. "Bibi, nani alopiga honi?"

"Huyo. Kwa mkono wenye saa, huo anaouficha nyuma."

Sote tukamtazama. Mkono ulikuwa nyuma, na hakuutoa.

Hakimu akasema honi ilolia kwa mkono wa askari haikuwa mbovu saa ile, na kama imekufa uani kwa polisi, dereva haimhusu. Kesi ikafutwa. Gari irudishwe. Tukitoka, Koplo akanipitia karibu, karibu mno. "Hongera, Bi Asila. Gari yenu tutawatengenezea vizuri."

Makungu akaenda kuichukua. Askari wamekaa kivulini wanamtazama. Akabonyeza honi: ikalia, safi kuliko zamani. Akauondoa mkono kama alougusa moto. Mkono wa polisi ulofika kwenye honi, umefika wapi tena, kwenye breki? Akafunua boneti, akaifunga. Akalala chini akachungulia, akainuka na vumbi mgongoni. Basi akaita jamaa zake, wakaisukuma kwa mikono mpaka Mpendae, jua la utosi, wala hakuiwasha.

Mafundi walikuja, wakasema hawaoni kitu.

"Hamuoni," akasema. "Ndo nnachokiogopa."

Akaipandisha juu ya matofali mbele ya nyumba. Leseni anayo, jina analo, gari haendeshi. Aliuza makaa mpaka kufa kwake. Na mwanamke akishikwa na uchungu, watu wakaja kugonga kwa mazoea, yeye huingia chumbani akafunga mlango.

Kwa hiyo Rukaiya asiandike kwamba babake alishinda. Sauti yangu ilifika gari ishalala uani. Lau pale barazani wangesema watu wawili, "Tumesikia," Koplo asingeichukua.

Sasa nyinyi mlokuwepo, Msabah, Mabrouk, nyote mlo hai: nendeni Mpendae, simameni mbele ya Rukaiya na wanawe, mseme kwa ndimi zenu mlisikia. Nawe kijana unayesoma, muulize babako leo hii, "Siku ile ulisikia honi?" Mtazame uso akijibu. Kisha njoo uniambie. Nipo dirishani.